Mwenye Zizi Anarudi

Kariobangi, Nairobi
10 Januari 1988

Mama Nanjala,

Leo ni mwaka mmoja na miezi mitano tangu niondoke nyumbani. Naandika nikiwa nimechoka, kwa hivyo usitafute utamu ndani ya barua hii. Mimi ni mzima, ila mgongo wangu haukubali. Kwa Wanyoike kazi ni ile ile: tunayeyusha alumini chakavu, tunamimina kwenye kalibu za mchanga, yanatoka masufuria. Wengine wanapikia, sisi tunakohoa.

Sasa jambo lililonifanya nitafute kalamu. Annah, yule wa kwaya aliyeolewa huku Mbotela, alitoka huko kwetu kabla ya mwaka mpya, nami nimemwona juzi. Anasema ndugu yangu Simiyu amesimama mbele ya watu akaahidi kumtoa yule ng'ombe mwekundu achinjwe kwenye sherehe ya mheshimiwa, mbunge wetu, ili ionekane ukoo wetu uko naye. Mimi sikuulizwa. Mkumbushe kwamba ng'ombe huyo si wake, na hata si wangu sana. Ni wa mahari ya Nanjala. Mkwe akija kesho aseme ndoa imekufa, tutamrudishia nini, picha ya mheshimiwa? Na mtoto wetu mdogo atakunywa nini?

Najua wewe huwezi kumkatalia. Yeye ni mkubwa wangu na boma liko mikononi mwake nikiwa huku. Najua pia kwamba barua zangu hasomi, anasema zina maneno ya mtu aliyeishia darasa la tano. Lakini redio anasikiliza.

Unamkumbuka Titus Nzuki, aliyekuwa akikimbia mbio za kuruka vizuizi na maji? Picha yake tuliibandika ukutani mwaka tuliooana. Siku hizi anatangaza michezo, na Jumamosi saa tisa anasoma kadi za salamu. Hapa mtaani wanamwita Nyuki, kwa sababu hiyo ndiyo maana ya jina lake kwa Kikamba, na kwa sababu anauma. Jumamosi iliyopita tulikuwa hotelini kwa Rispa tukinywa chai. Nzuki akamaliza matokeo ya mpira, kisha akaanza habari ya huu mlolongo, kwamba mwezi ujao watu wapige kura kwa kupanga mstari nyuma ya mtu wanayemtaka. Akasema, "Nimekimbia nchi kumi na moja. Sijaona mtu akipewa medali kwa sababu wengi wamesimama nyuma yake. Kuna utepe na kuna saa. Na aliye nyuma yako, mara nyingi anatafuta kukupita."

Rispa akapunguza sauti ya redio, akasema, "Huyu alizoea kuwa mbele peke yake. Anadhani hakuna anayemfuata."

Wanyoike akamjibu, "Mama, huyo buda, mzee mzima, ataruka kizuizi siku moja akute upande wa pili hakuna maji. Ni shimo."

Mimi sina siasa. Nina ng'ombe.

Basi nimenunua kadi nikaipeleka. Nimewasalimu wewe, Nanjala na mumewe, na Simiyu kwa jina lake. Mahali pa ujumbe nimeandika: Yule ng'ombe mwekundu asiguswe. Mwenye zizi anarudi. Barua huchukua wiki nzima na husomwa na mtu mmoja. Redio itasikiwa na lokesheni nzima, na Simiyu hataweza kumtoa ng'ombe ambaye watu wote wameambiwa asiguswe.

Sikiliza kila Jumamosi. Kama betri zimekwisha, ziweke juani.

Mumeo,
Lusweti


Kwa Marafiki, karibu na Kimilili
24 Januari 1988

Baba Nanjala,

Tumepokea salamu zako, sisi na wengine wote. Ulifikiri ni lokesheni moja. Nasikia hata wauza vitunguu sokoni Bungoma wanazisema.

Nilikuwa nikichambua maharagwe kwa jirani. Nzuki akasoma jina lako redioni, nikasimama. Akasoma jina langu, nikaketi tena. Barua yako ilikuwa haijafika, sikujua utanitaja mbele ya nchi nzima nikiwa na kanga iliyotoboka. Kisha akasoma ule ujumbe. Nafikiri hukusikia vizuri alivyoendelea, au ulisikia ukafurahi. Alisema, "Lusweti wa Kariobangi, mikono yako idumu. Mmesikia, wakubwa? Mwenye zizi anarudi. Mwenye zizi ni mwananchi. Akirudi atauliza ng'ombe yuko wapi, hatauliza ni wangapi walijipanga nyuma ya mkia."

Shemeji Simiyu alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Wanasema watu walicheka mpaka kinyozi akaweka mkasi chini. Alitoka vile vile. Alipofika hapa alikuwa amevaa kofia, akaniuliza, "Mama Nanjala, mume wako ameanza chama?"

Nikamwambia, "Shemeji, mume wangu hata chai ya pili haanzi bila kuhesabu shilingi."

Hakucheka. Tangu siku hiyo vijana wakikutana njiani mmoja anasema "Mwenye zizi," mwingine anajibu "anarudi." Wanaona ni mzaha. Naibu wa chifu haoni ni mzaha. Amekuja mara mbili kuuliza mwenye zizi ni nani. Nilimwonyesha zizi. Akasema hilo si jibu.

Tafadhali usipeleke kadi nyingine. Ng'ombe hana neno. Usijisumbue kwa ajili yake, fanya kazi yako.

Nina swali moja tu, halafu nitanyamaza. Uliandika kwamba unarudi. Ni kweli, au yalikuwa maneno ya redio?

Mkeo,
Nabiswa


Kariobangi
14 Februari 1988

Mama Nanjala,

Nakusalimu wewe, na wengine wote wanaoisoma barua hii kabla yako. Barua yako ilinifikia imebandikwa gundi mara mbili, na gundi ya pili si yako, maana wewe hubandika kwa uji.

Usishangae mwandiko. Nilikuwa na homa kidogo, na mkono wa kulia umeungua kazini, naandika kwa wa kushoto kama mtoto wa nasari. Si jambo kubwa.

Nzuki hajasikika Jumamosi tatu. Anasoma mwingine sasa, anataja majina tu, ujumbe hasomi. Rispa amezima redio yake. Anasema imeharibika, lakini niliona waya umening'inia nje ya soketi.

Sikiliza, na usiulize kwa nini. Nataka uniandikie barua juu ya yule ng'ombe. Andika kila kitu: rangi yake, alitoka kwa nani, mwaka gani, ana alama gani, mara ngapi amezaa. Andika na ugomvi wangu na Simiyu juu yake. Andika kwa herufi kubwa na uiweke sahihi. Kuna watu hapa wanaotaka kujua kama yuko kweli. Nimewaeleza kwa mdomo, hawaamini kwamba mtu anaweza kusema ng'ombe akimaanisha ng'ombe.

Kuhusu swali lako, nitakujibu nikipata mkono.

Mumeo,
Lusweti


Kwa Marafiki
28 Februari 1988

Baba Nanjala,

Barua hii ni ya kueleza ng'ombe, kama ulivyotaka. Wanaoisoma kabla yako wakae vizuri, kwa sababu ni ndefu.

Ng'ombe alikuwa mwekundu, na doa jeupe chini ya sikio la kushoto mfano wa jani la mharagwe. Aliletwa mwezi wa Aprili mwaka wa 1985 na wakwe zetu kwa mahari ya Nanjala, pamoja na wengine watatu. Hao watatu walikwisha zamani, wewe unajua wawili walikufa kwa ndigana. Huyu alizaa mara mbili. Alikuwa hapendi kukamuliwa na mtu aliyevaa viatu.

Naandika "alikuwa," nawe umeona.

Simiyu alimchukua tarehe mbili Januari. Ulipokuwa ukiniandikia ile barua ya kwanza, ng'ombe alikuwa amekwisha liwa siku nane. Kadi yako ilisomwa yeye akiwa kwenye matumbo ya watu mia mbili. Nilikudanganya niliposema hana neno. Lakini si uongo kabisa, maana ng'ombe aliyeliwa kwa kweli hana neno. Niliogopa utaacha kazi uje umpige ndugu yako, kisha tutakuwa hatuna ng'ombe wala kazi wala shemeji. Nisamehe. Nilifikiri nitakuambia kidogo kidogo ukija. Lakini huji.

Ndiyo sababu Simiyu aliwaka vile kwa kinyozi. Ungesema asiguswe akiwa hai, ni ushauri. Kusema asiguswe akiwa ameliwa, mbele ya walewale waliomla, ni kumvua mtu nguo. Watu hawakuwa wakicheka siasa za Nzuki. Walikuwa wakicheka kwa sababu walikumbuka nyama.

Ngozi ilibaki. Simiyu aliiacha juu ya ua kwa sababu haikuwa na kazi kwa mheshimiwa. Nimekata kile kipande chenye doa jeupe nikakitia humu ndani. Waonyeshe. Wakikinusa watajua ni ng'ombe.

Sasa habari nyingine, kabla hujaisikia kwa Annah. Mlolongo ulikuwa Jumatatu, katika uwanja wa shule. Wagombea walikuwa wawili: mheshimiwa, na yule mwalimu mzee aliyestaafu, ambaye hakuchinja hata kuku. Simiyu alikuja asubuhi akasema nyumba nzima tusimame kwa mheshimiwa. Nikachukua kadi yangu ya chama, nikaenda. Nilipofika niliona mstari wa mheshimiwa umetoka golini ukafika kwenye vyoo. Kwa mwalimu walikuwa watu kumi na watatu, wanatazama chini kama waliochelewa kanisani.

Nikaenda kwa mwalimu.

Simiyu aliniita kutoka ule mstari wake, kwa sauti ya kila mtu, "Mama Nanjala, umepotea njia?"

Nikamwambia, "Hapana, shemeji. Nimefika."

Usifikiri nimekuwa mwanasiasa. Ni kwamba nilitazama ule mstari mrefu nikaona ng'ombe wangu yumo mle, amegawanywa kila mtu kipande. Singeweza kwenda kusimama nyuma yake. Wakatuhesabu kwa fimbo, mmoja mmoja. Kumi na wanne. Wao walikuwa zaidi ya mia tatu. Karani aliandika huku anacheka. Nzuki alisema kuna utepe na saa. Siku hiyo saa haikuhitajika.

Tangu Jumatatu Simiyu hanisalimii. Ila mke wa fundi baiskeli, aliyesimama kwenye mstari mrefu, huniletea kikombe cha maziwa ya mtoto akipitia nyuma ya migomba.

Sikuulizi tena lile swali. Naliacha hapo ulipoliacha wewe.

Nabiswa


Buruburu, Nairobi
12 Machi 1988

Bwana Lusweti,

Hatujuani. Nimepata anwani yako kwenye kadi yako mwenyewe, ambayo naiweka ndani ya bahasha hii, kwa sababu ni mali yako. Ilikuwa mfukoni mwangu siku niliyoitwa.

Kwa muda wa wiki sita nimeulizwa jambo moja na watu mbalimbali: zizi ni nini na mwenyewe ni nani. Waliamini mimi niliyaandika yale maneno nikatafuta jina la kibarua wa kuyabeba. Niliwaambia yameandikwa na msikilizaji. Wakaniuliza, huyo msikilizaji alimaanisha nini. Nikawajibu kwa kiburi, alimaanisha nchi.

Halafu Jumanne wakaniwekea mezani kipande cha ngozi chenye nywele nyekundu na doa jeupe, na barua ya mke wako. Mkubwa wao aliisoma kwa sauti. Alipofika pale pa ng'ombe asiyependa mtu mwenye viatu, akashindwa kuendelea kwa kicheko, akampa mwenzake. Nami nilicheka, bwana. Kisha nikaona aibu ambayo sikuiona hata siku nilipoanguka ndani ya maji mbele ya watu elfu arobaini.

Wewe ulimwandikia mke wako na ndugu yako. Mimi nikachukua barua ya mtu na nyumba yake, nikaifanya hotuba yangu. Sikukuuliza. Nilikuwa nasema kila Jumamosi kwamba wakubwa wasichukue cha mwananchi bila kumwuliza, na nikachukua chako.

Wameniambia mambo ya zizi yamekwisha. Kazi yangu pia imekwisha, maana habari ya mlolongo niliisema mwenyewe wala haina ng'ombe wa kuitetea. Hiyo siirudishi. Bado nasema mtu anayelazimishwa kuonyesha anamtaka nani hajaulizwa, ameamrishwa.

Nasikia walitaka utie sahihi kwamba nilikupa maneno yale, ukakataa. Sijui kwa nini ulikataa; hukuwa na deni lolote kwangu. Ningependa kukushukuru uso kwa uso. Niko nyumbani kila siku sasa. Nyumba yenye geti la kijani, uliza mtu yeyote, watakuonyesha huku wakitazama pembeni.

Wako,
Titus Nzuki


Kariobangi
20 Machi 1988

Mama Nanjala,

Sasa mkono unaandika, nami nitasema yote.

Sikuwa na homa. Mwezi jana watu wawili waliovaa suti walikuja karakana wakaniita jina langu kamili, lile la kwenye kadi. Nilikuwa nimeshika kijiko cha alumini iliyoyeyuka. Nilishtuka nikajimwagia. Hakuna aliyenichoma, ni woga wangu. Wakanipeleka hospitali kwanza, kisha kwao. Nilikaa siku tatu. Hawakunipiga. Waliniuliza tu, mpaka jina la ng'ombe likawa kama jina la mtu aliyekufa.

Waliniletea karatasi iliyokwisha chapwa, kwamba maneno yale nilipewa na Nzuki. Nitie sahihi niende nyumbani. Nilitaka kwenda nyumbani, usifikiri mimi ni shujaa. Lakini nilipoisoma niliona uchungu. Maisha yangu yote natengeneza vitu vinavyokwenda kwa wengine. Sufuria sijawahi kutia jina langu hata moja. Yale maneno saba niliyatengeneza mimi, nikayalipia stempu mimi. Nikawaambia, "Ni yangu. Ni ya ng'ombe wangu." Wakaniacha nikatafute ushahidi.

Nawe ukauleta. Barua yako ilipofika waliniita, nikaifungua mbele yao, kipande cha ngozi kikaanguka juu ya meza, na hapo ndipo nilipojua ng'ombe hayupo. Walikuwa wakicheka. Mimi nilisoma lile neno "alikuwa" nikarudi kulisoma. Walichukua barua na ngozi. Sikasiriki kwamba ulinificha. Nami nilikuficha mkono wangu, na jambo jingine ambalo naja kulisema.

Wanyoike alinilipa siku zangu. Akasema, "Lusweti, wewe ni mtu mzuri, lakini wateja wanaogopa kununua sufuria mahali wanapokuja makaro, hawa polisi." Hakunitazama. Simlaumu. Ana watoto sita.

Jana nilikwenda kwa miguu mpaka Buruburu. Nzuki alinifungulia mwenyewe. Ni mrefu, na magoti yake yanalia akiketi. Redio yake kubwa ilikuwa imefunikwa kitambaa. Aliniuliza kwanza kabla ya chai, "Ng'ombe je? Walimchinja lini?" Katika barua yako walimsomea sehemu ya kuchekesha tu.

Nikamwambia aliliwa kabla hatujaandika kitu chochote.

Halafu akasema, "Kwa hivyo wewe na mimi tulimpigania ng'ombe ambaye hayupo."

Nikamwambia, "Bwana Nzuki, mimi nilimpigania. Wewe ulinipigia tarumbeta."

Alicheka, akakubali. Nikamweleza habari ya uwanja wa shule, ulivyojibu "Nimefika," na wale kumi na wanne. Aliniambia nirudie mara mbili. Akauliza majina yao, nikasema sijui, najua moja. Akasema, "Mimi nilisema kwenye maikrofoni, mshahara ukiwa mfukoni. Yeye alisimama pale shemeji yake anamwona." Kisha akaondoka akakaa jikoni muda mrefu na maji ya chai yalikuwa yamechemka zamani.

Sasa lile swali lako. Ile kadi niliposema mwenye zizi anarudi, sikuwa narudi. Nilikuwa naandika kumtisha Simiyu. Sikuwa na nauli, sikuwa na tarehe, na kusema kweli sikuwa na haja. Mtu akizoea kuchoka mbali na watu wake, hufika mahali anaogopa kuchokea mbele yao. Nilitangaza kwa nchi nzima jambo ambalo sikulikusudia, na Nzuki akalipigia makofi, na wewe peke yako ndiye uliyeuliza kama ni kweli.

Kadi amenirudishia. Ninayo hapa. Nimeisoma tena. Zizi halina ng'ombe, na mimi narudi bila kazi, na mkono unaokunja vidole vitatu tu. Mwambie Simiyu, asije akashtuka. Sitampiga. Nitamsalimu, kisha nitamwomba anionyeshe mahali alipomchinjia, anieleze kwa mdomo wake. Tukimaliza hapo tutajua kama bado ni ndugu. Mke wa fundi baiskeli mwambie asipitie tena nyuma ya migomba.

Basi linaondoka hapa Jumatano jioni, tarehe thelathini. Nitafika Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu.

Lusweti